Mwanga wa Infraredi wa Kamera Hauzuii Mazao Kutoa Maua, Taa Nyeupe za Usiku Ndizo za Kuangaliwa

KISARAWE, PWANI. Kila jua linapotua, kamera ya ulinzi iliyofungwa kwenye nguzo ya shamba hutoa mlio mdogo. Kichujio kilicho mbele ya kihisi chake husogea pembeni, vitaa vidogo vinavyoizunguka lenzi huwaka, na picha hugeuka kutoka ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe. Mtu aliyesimama jirani huona wekundu hafifu mfano wa kaa linalokaribia kuzimika, au asione chochote. Mwanga huo ni wa infraredi, na huendelea kumulika mazao hadi alfajiri.

Kwa wakulima wa Wilaya ya Kisarawe, ambako nanasi, korosho, mihogo, machungwa na mazao ya jamii ya mikunde hulimwa umbali mfupi kutoka masoko ya Dar es Salaam, ulinzi wa mazao yaliyokomaa si jambo dogo. Kusambaa kwa umeme vijijini na kupatikana kwa vifaa vya nishati ya jua kumeifanya kamera, ambayo zamani ilikuwa kifaa cha benki na ofisi kubwa, ifike hadi kwenye ghala, banda la kuku na mpaka wa shamba. Pamoja nayo linakuja swali lenye msingi: je, mwanga huo unaowaka usiku kucha unaweza kuuchanganya mmea usitoe maua kwa wakati wake?

Kwa mwanga wa infraredi wa kamera za kawaida, ambao urefu wa mawimbi yake huwa nanomita 850 au 940, hakuna sababu ya kisayansi ya kuhofia kwamba zao litachelewa kuchanua. Kwa taa nyeupe zinazofungwa pamoja na kamera hizo, au zilizomo ndani ya baadhi ya kamera zenyewe, hofu hiyo ina msingi, na kwa mazao fulani hasara yake inaweza kuwa ya msimu mzima. Mnunuzi dukani si rahisi aambiwe tofauti kati ya taa hizo mbili, kwa kuwa muuzaji huuza ulinzi, hauzi maua.

Swali lilikotoka

Duniani, swali hili limeulizwa zaidi kuhusu bangi. Sababu yake iko wazi. Bangi ni mmea unaotoa maua pale usiku unaporefuka, ua lake ndilo linalovunwa, na nchi zilizotoa leseni za kilimo hicho huwataka wenye leseni wafunge mifumo ya ulinzi. Canada iliruhusu bangi kisheria kuanzia Oktoba 17, 2018. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda ilitoa mwaka 2021 kanuni za kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, na miongoni mwa masharti ya usalama kwa mwenye leseni ni uzio, taa na kamera za ulinzi. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa kuwa mlinzi anataka shamba limulikwe usiku na mmea wenyewe unataka giza.

Nchini Tanzania hali ni tofauti, na ni vema ieleweke bayana. Kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikiteketeza mashamba ya mmea huo katika maeneo mbalimbali ya nchi, yakiwemo ya Wilaya ya Arumeru mkoani Arusha. Mkulima wa Kisarawe anayehusika na maelezo haya ni yule wa mbaazi, ufuta, mpunga, miwa na nanasi. Mfumo ambao mimea hiyo huutumia kutambua urefu wa usiku ni uleule, na kile ambacho sayansi imekibaini kuhusu mmea mmoja wa siku fupi kinasaidia kuielewa mingine.

Mmea huhesabu usiku

Mwaka 1920 wanasayansi wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha matokeo ya utafiti ulioanzia kwenye tumbaku. Aina moja ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth ilikuwa ikirefuka majira yote ya joto bila kutoa ua hata moja, lakini ikichanua vizuri ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi. Walijaribu kubadilisha mambo mengine bila mafanikio. Walipoifungia mimea hiyo gizani kwa saa kadhaa kila siku katikati ya majira ya joto, ikachanua. Kilichokuwa kikiamua ni urefu wa siku, na mimea ya namna hiyo ikapewa jina la mimea ya siku fupi.

Jina hilo limebaki hadi leo, ijapokuwa halikukaa sawasawa. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner, wakitumia gugu lenye matunda ya miiba yanayonasa kwenye nguo, walionyesha kwamba kukatiza mchana kwa giza hakubadilishi kitu, ilhali kukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi tu kunauzuia mmea kutoa maua. Mmea ulikuwa ukihesabu usiku, si mchana. Ingekuwa sahihi zaidi kuuita mmea wa usiku mrefu, lakini vitabu vilikwisha kuandikwa.

Swali lililofuata lilikuwa ni mwanga wa rangi gani unaoweza kuukatiza usiku. Kazi hiyo ilifanyika katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, jimbo la Maryland, chini ya Harry Borthwick na Sterling Hendricks pamoja na wenzao. Mwaka 1952 walieleza jambo la kushangaza kuhusu mbegu za saladi: mwanga mwekundu wa nanomita kama 660 uliziamsha kuota, na mwanga mwekundu wa mbali, wa nanomita kama 730, ulizirudisha kulala. Mwanga uliotangulia haukuwa na neno. Uliotolewa mwisho ndio uliosikilizwa. Mwaka 1959 kundi hilo la watafiti liliweza kukionyesha kwa vipimo kitu chenyewe kilichomo ndani ya mmea, nacho kikaitwa fitokromu.

Fitokromu inaweza kufananishwa na swichi yenye hali mbili. Mwanga wa jua, wenye wekundu mwingi, huiweka katika hali ya kuamka mchana kutwa. Giza linapoingia, sehemu ya swichi hizo hurudi taratibu katika hali ya kulala, na mmea, ukisaidiwa na saa ya ndani ya chembechembe zake, hutambua kwamba usiku umekuwa mrefu kiasi cha kutosha kuanza kutengeneza maua. Ikitokea taa yenye wekundu ikawaka katikati ya usiku huo, mathalani saa 6 usiku, swichi huamshwa upya. Kwa mmea, usiku mmoja mrefu umegeuka kuwa usiku mbili fupi, na maua hayaanzi.

Nyekundu ya mbali si infraredi ya kamera

Mkanganyiko kuhusu kamera unatokana na majina kukaribiana. Mwanga mwekundu wa mbali unaoathiri fitokromu huishia kwenye ukingo wa kile ambacho jicho la binadamu linaweza kukiona. Infraredi huanzia hapo na kuendelea. Mtu akisoma kwamba mwanga ulio karibu na infraredi hubadilisha tabia ya mmea, ni rahisi kudhani kwamba taa ya kamera nayo imo.

Vipimo vinaonyesha vingine. Uwezo wa fitokromu kufyonza mwanga ni mkubwa kuanzia wekundu wa kawaida hadi kwenye nanomita 730 na kidogo zaidi ya hapo, kisha hushuka kwa kasi, na unapofika nanomita 850 huwa karibu hakuna. Klorofili, inayotumika kutengeneza chakula cha mmea, hufanya kazi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Taa ya kamera yenye alama ya 850 haitoi wimbi moja tu. Hutoa kundi la mawimbi yanayosambaa pande zote mbili za namba hiyo, na ncha yake ya chini ndiyo inayoonekana kama wekundu hafifu kwa mtu aliye karibu. Kiasi hicho cha wekundu ni kidogo mno kikifika kwenye majani yaliyo umbali wa mita kadhaa. Kamera za 940 hazina hata wekundu huo.

Ushahidi mwingine uko kwenye kioo cha kamera yenyewe. Anayefuatilia picha za usiku za shamba ataona kwamba majani huonekana meupe, yaking'aa kuliko udongo na hata kuliko nguo za baadhi ya watu. Weupe huo unatokea kwa sababu jani hairuhusu infraredi hiyo ifanye kazi ndani yake. Sehemu kubwa huirudisha ilikotoka na nyingine huipitisha hadi upande wa pili. Tabia hiyo ya jani ndiyo inayotumiwa na setilaiti zinazopima afya ya mazao kutoka angani: jani lenye afya hurudisha infraredi kwa wingi, lililodhoofika hurudisha kidogo. Kamera ya mlinzi inapiga picha ya mwanga ambao mmea umeukataa.

Yapo pia yale ambayo mtu anaweza kuyashuhudia bila kifaa chochote. Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni infraredi, na zao hukaa ndani yake kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni. Vitaa vya kamera vinavyotumia wati chache, vikiwa juu ya nguzo, haviwezi kulipasha joto jani wala kuunguza ua.

Haifai kusema kwamba infraredi haina uhusiano wowote na mimea. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, baadhi yao wakiwa wa kituo cha anga cha Kennedy, walichapisha matokeo kwamba miche ya oti, nafaka ya jamii ya nyasi, iliyooteshwa katika giza totoro ilibadilika umbo kidogo ilipowekwa chini ya taa za infraredi za nanomita 880 na 935. Utafiti huo ulihusu miche ambayo haijawahi kuona jua, na kilichochunguzwa kilikuwa ukuaji na uelekeo wa shina. Haukuhusu maua. Mmea wa shambani uliokomaa, ambao fitokromu yake hupangwa upya na jua kila siku, uko katika hali nyingine kabisa.

Giza la Kisarawe lina dakika zake

Wapo wanaoamini kwamba elimu hii ni ya nchi za baridi, ambako siku ya majira ya joto hutofautiana na ya majira ya baridi kwa saa nyingi. Kisarawe iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Muda kati ya macheo na machweo hapa huwa wa saa 12 na dakika 30 hivi mwezi Desemba, na hushuka hadi karibu saa 11 na dakika 43 mwezi Juni. Tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja.

Pamoja na udogo huo, mimea ya ukanda wa joto huisoma. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mpunga wa Malaysia uitwao Siam 29, ambao uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1959. Katika eneo la Malacca, ambako urefu wa siku hubadilika kwa dakika 14 tu kwa mwaka, mpunga uliopandwa Januari ulichukua siku 329 hadi kutoa maua, na uliopandwa Septemba ulichukua siku 161. Zao linaloweza kutofautisha dakika 14 haliwezi kupuuza taa inayowaka usiku mzima. Ndiyo maana suala la taa lina uzito zaidi karibu na Ikweta kuliko wengi wanavyofikiri.

Wakulima wa maua wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili na hulitumia kwa makusudi. Katika maeneo ya Arusha, na nchini Kenya katika eneo la Naivasha, krisanthemamu zinazokuzwa kwa ajili ya soko la nje huwashiwa taa usiku ili zirefushe mashina kwanza. Zikiachiwa giza la saa 12 la ukanda huu, huchanua zikiwa bado fupi na hazifai kuuzwa. Taa zikizimwa, maua huja. Kile kinachofanywa na wakulima hao kwa hesabu ndicho kinachoweza kumtokea mkulima wa mbaazi kwa bahati mbaya.

Mbaazi ni miongoni mwa mazao yenye hisia kali zaidi ya urefu wa usiku, hasa aina za asili za muda mrefu ambazo husubiri siku zifupike kuelekea Juni. Ufuta, soya, baadhi ya aina za asili za mpunga na mtama nazo zimo katika kundi la siku fupi. Nchini Marekani na Japani imeonekana mara nyingi kwamba soya au mpunga uliopandwa karibu na taa ya barabarani hubaki kijani wakati shamba lililobaki limekwisha kukomaa, na mstari wa kijani hufuata umbo la mwanga ulipoangukia. Nanasi huchochewa kutoa maua na usiku mrefu wenye ubaridi, ingawa wakulima wengi hutumia dawa za kuchochea maua na hivyo kulipita suala hili.

Miwa ina hadithi yake. Mkoa wa Pwani una kituo cha TARI Kibaha, kinachoongoza utafiti wa zao hilo nchini, na kwa mtafiti wa miwa urefu wa siku ni suala la kila msimu. Muwa huanza kujiandaa kutoa maua siku inapokuwa ya saa 12 na nusu hivi na ikiendelea kupungua kidogo kidogo. Mzalishaji wa mbegu mpya anayahitaji maua hayo ili achavushe aina mbili. Mwenye shamba la kiwanda hayataki, kwa kuwa muwa uliochanua huacha kurefuka na sukari yake hupungua baadaye. Kwa mkulima wa pili taa ya usiku isingekuwa na madhara makubwa. Hata hivyo hakuna anayeshauriwa kulima kwa namna hiyo.

Korosho na machungwa, ambayo ni mazao makuu ya biashara kwa kaya nyingi za wilaya hii, hayamo katika orodha ya wasiwasi. Uchanuaji wake huongozwa zaidi na kipindi cha ukavu, joto na afya ya mti. Nyanya haijali urefu wa siku. Muhogo nao una tabia ya kinyume, kwani huchanua zaidi siku zikiwa ndefu, na watafiti nchini Colombia wamewahi kuuwashia taa nyekundu usiku ili uharakishe kutoa maua kwa ajili ya kuzalisha mbegu mpya. Mkulima anayevuna mizizi hana sababu ya kufuatilia ua la muhogo.

Kuitambua taa iliyopo shambani

Kwa kuwa kinachoamua ni aina ya taa, jambo la kwanza kwa mwenye shamba ni kujua kamera yake inatoa nini. Kamera inayotoa picha nyeusi na nyeupe usiku hutumia infraredi. Kamera inayotoa picha za rangi usiku mara nyingi huwa na taa nyeupe ndani yake, ambazo huwaka muda wote au pale kitu kinapopita mbele yake. Zipo pia zenye taa za aina zote mbili, na mtumiaji huchagua kwenye mipangilio ya simu ni ipi iwake. Wengi huziacha kama zilivyotoka dukani.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kusimama mbele ya kamera baada ya giza kuingia. Ikiwa kivuli cha mtu kinaonekana ardhini, taa hiyo ni nyeupe na mimea inaiona. Ikiwa hakuna kivuli, simu ya mkononi inaweza kuelekezwa kwenye lenzi. Simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, huonyesha vitaa vya infraredi vikiwaka kwa rangi ya zambarau au nyeupe hata pale jicho lisipoona kitu.

Kiasi cha mwanga nacho kina maana. Mbalamwezi, hata ukiwa mpevu, hautoi zaidi ya takriban 0.3 lux, na mazao yameishi nao tangu zamani. Mshumaa mmoja ukiwa umbali wa mita moja hutoa kama lux 1. Taa nyeupe ya ulinzi inaweza kutoa mara nyingi ya kiasi hicho kwenye eneo lililo chini yake, na mimea yenye hisia kali huathirika kwa lux chache tu. Mwanga hupungua haraka kwa umbali: mmea ulio umbali wa mita 20 kutoka kwenye taa hupata robo ya kile kinachopatikana mita 10. Kwa hiyo athari huwa ni ya mistari iliyo karibu na nguzo, mara chache huwa ya shamba zima, na mkulima anaweza kuidhania ni udongo mbaya au ugonjwa. Zipo mbolea zilizonunuliwa kutibu taa.

Taa zinazowaka kwa kuhisi mtu au mnyama ni nafuu, lakini si kinga kamili. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba kwa mimea yenye hisia kali, dakika chache za mwanga katikati ya usiku zinatosha kuukatiza. Taa inayowashwa mara moja kwa wiki na mpita njia haina neno. Ile inayowashwa na mbwa, popo na matawi yanayopeperushwa na upepo, kila saa, usiku hadi usiku, haitofautiani sana na taa inayowaka kucha.

Mkulima mwenye mbaazi au ufuta pembezoni mwa shamba linalolindwa anaweza kuibadilisha kamera ibaki kwenye infraredi pekee, kuielekeza taa nyeupe ardhini au kwenye lango badala ya kwenye mazao, au kuifunga kizuizi cha bati upande unaotazama shamba. Pale taa ya jirani au ya barabarani inapohusika, ni bora zaidi kupanda mazao yasiyojali urefu wa siku katika mistari iliyo karibu nayo kuliko kugombana.

Kamera yenyewe, hata ikiwa haina madhara kwa mmea, ina masharti kwa mwenye nayo. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kamera ya shamba inapaswa kuangalia shamba, isigeuzwe kwenye ua au mlango wa jirani, na picha zake zisisambazwe kwenye mitandao ya kijamii kwa sababu tu zimemnasa mtu akipita usiku.

Kwa anayetaka kuthibitisha mwenyewe kabla ya kubadilisha chochote, jaribio lake halina gharama. Miche 20 iliyo chini ya taa na mingine 20 ya aina ileile iliyo gizani, iliyopandwa siku moja na kupewa matunzo sawa, ifungwe vitambaa vya rangi mbili. Iandikwe tarehe ambayo nusu ya kila kundi imetoa ua la kwanza. Tofauti ya siku mbili au tatu inaweza kutokana na mambo mengi. Tofauti ya wiki mbili na zaidi, huku mimea ya chini ya taa ikiwa mirefu na ya kijani kuliko mingine, inaelekeza kwenye taa. Kumbukumbu hiyo ikifikishwa kwa Afisa Ugani wa kata humpa mahali pa kuanzia. Kwa mbaazi za muda mrefu zilizopandwa mwanzoni mwa mwaka, wiki za kuangalia ni za kuanzia Aprili hadi Juni, usiku unapoendelea kurefuka. Taa nyeupe ikizimwa au kuelekezwa kwingine katika kipindi hicho, inaweza kurudishwa ilipokuwa maganda yanapoanza kujaa, muda ambao wezi nao huanza kulitazama shamba.